Dakika Ishirini na Nane

Chonga, Pemba
Jumanne, 14 Agosti 1956

Kaka yangu Massoud,

Asalaam aleikum. Barua hii itapanda ndege ya Jumamosi, kwa hiyo utakapoisoma mwanangu atakuwa ameshakaa nawe siku nne. Nimeona niandike leo leo, maana mikono yangu haina kazi nyingine.

Asubuhi nilivaa buibui niwasindikize Salme na baba yake Mbarouk hadi uwanja wa ndege. Bi Saleha mkunga akanizuia mlangoni. "Mimba ya miezi saba, na njia yote mashimo, unakwenda kumsindikiza nani? Wa nje au wa ndani?" Nikavua buibui. Nikasimama uani mpaka nikaisikia ndege, nikaiona ikipita juu ya mikarafuu, ndogo kama kereng'ende, kisha sikuiona wala sikuisikia tena. Nikaingia ndani nikasali rakaa mbili. Nilipotoa salamu Bi Saleha akaniambia, "Haya, washafika Tanga." Nikamwambia asinifanyie mzaha. Mimi Tanga ninayoijua ni usiku kucha baharini na kutapika hadi nyongo. Wewe ndiye karani wa uwanja, unapima watu na mizigo kila siku. Niambie, ni kweli ni karibu hivyo?

Mtoto anavimba tangu Ramadhani. Asubuhi uso, jioni miguu. Daktari wa Chake Chake amesema maradhi haya yanataka hospitali kubwa, nami nikasema basi aende kwa mjomba wake kuliko kwenda kwa watu. Ana miaka tisa lakini anakula kama ndege, usimharakishe. Na hapendi kusukwa na asiyemzoea. Mwambie wifi Mwanamkasi amwache kwanza siku mbili tatu, atamwendea mwenyewe.

Kaka, nina jambo moja. Unajua kwamba baada ya Salme nimezika wawili wasiolia hata mara moja. Yule wa mwisho alitoka siku ile mtu alipokuja mbio kuniambia mama amekufa. Tangu hapo watu wa nyumba hii wananibeba kama yai. Mbarouk akitaka kusema neno humtazama kwanza Bi Saleha. Wewe usiwe hivyo. Hali ya mwanangu ikiwa njema niambie, ikiwa mbaya niambie. Mimi ndiye niliyemzaa.

Mdogo wako,
Mwatum


Usagara, Tanga
Jumamosi, 18 Agosti 1956

Mdogo wangu Mwatum,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifika asubuhi hii, nami nakujibu hapa hapa uwanjani ili niiwahi ndege ya alasiri. Mbarouk anarudi na ndege hiyo hiyo. Hakutaka kumwacha mtoto, lakini nimemwambia nyumba yako haiwezi kukaa bila mwanamume wakati huu, na karafuu hazimngoji mtu.

Bi Saleha hakukufanyia mzaha. Kutoka uwanja wenu hadi huu wetu ni maili hamsini na mbili kwa njia ya juu. Jumanne ile ndege iliondoka kwenu saa tatu na nusu, na magurudumu yakagusa ardhi hapa saa nne kasoro dakika mbili. Niliandika mwenyewe daftarini. Dakika ishirini na nane, Mwatum. Mtu aliyetoka Pongwe kwa baiskeli kuja mjini saa hiyo alikuwa bado yuko njiani anatoka jasho.

Salme aliteremka ameshikwa mkono na baba yake. Akaniamkia, "Shikamoo mjomba," kisha akageuka akaitazama ile ndege. "Mjomba, mbona tumefika kabla sijaanza kuogopa?" Rubani hajui Kiswahili sana, lakini alipofasiriwa alicheka mpaka akavua kofia.

Amelazwa. Kitanda chake kiko dirishani, anaziona meli zikipakiwa katani. Kuna mwuguzi mmoja kijana, Praxeda, mtu wa Muheza, ndiye rafiki yake sasa. Mwanamkasi anampelekea uji kila asubuhi. Dawa zimeanza kufanya kazi, uso umepungua, macho yanaonekana.

Wewe usifikirie kuja. Mwanamke aliyefika miezi saba kampuni haimpandishi, na mimi ndiye ningelazimika kukurudisha mizanini mbele za watu.

Ulilosema nimelisikia. Nitakuambia kila kitu kama kilivyo.

Kakako,
Massoud


Usagara, Tanga
Jumanne, 4 Septemba 1956

Shemeji Mbarouk,

Asalaam aleikum. Barua hii nimeipeleka kwa Bwana Shekhe dukani Chake, si nyumbani. Isome peke yako.

Mambo yamegeuka. Tangu Ijumaa Salme amevimba tena kuliko alivyokuja. Mkojo hauji. Jana daktari aliniita nje, akanieleza kwa upole kwamba figo za mtoto zimechoka, na kwamba dawa aliyo nayo amekwisha kuitoa yote. Nikamwuliza ni siku ngapi. Akasema huenda wiki moja, huenda mbili, na kwamba yeye si Mungu.

Njoo na ndege ya Jumamosi. Nafasi nimekwisha kukuwekea. Anakuuliza. Anamwuliza mama yake zaidi.

Na Mwatum tumwambieje? Aliniomba nisimfiche, nami nikamkubalia kwa maandishi. Kalamu nimeishika mara tatu tangu jana, nikaiweka chini. Wewe uko naye, unamwona. Nishauri.

Massoud


Chonga, Pemba
Jumamosi, 8 Septemba 1956

Shemeji yangu Massoud,

Waaleikum salaam. Utaipokea barua hii badala yangu, na najua utakavyojisikia ukiona watu wote wameteremka na mimi simo.

Nilikuwa nimekwisha funga nguo. Mwatum nilimwambia nakwenda Unguja kwa shughuli za karafuu. Alhamisi asubuhi aliinama kuokota ungo, akasimama, nikaona damu miguuni mwake. Bi Saleha amemlaza, ameweka tofali chini ya miguu ya kitanda, hanyanyuki hata kwenda chooni. Damu imekatika jana. Nilimvuta Bi Saleha pembeni nikamweleza barua yako. Mama yule amewapokea watoto wa Chonga nzima, anajua anachokisema. Akaniambia, "Mbarouk, neno moja baya likiingia chumba kile, utatoka na majeneza mawili. Na lile la huko, matatu."

Massoud, sitoki hapa. Na wewe hutamwambia. Mwandikie barua nzuri. Mwambie mtoto anakula, mtoto anacheka. Kama ni dhambi nibebeshe mimi, nitaijibu mwenyewe mbele ya Mola. Ulimkubalia, ndiyo, lakini ulipomkubalia hukujua haya.

Jambo likitokea, nipelekee simu ya maandishi kwa Shekhe. Asiilete mtu nyumbani.

Mwambie mwanangu baba anakuja.

Mbarouk


Usagara, Tanga
Jumanne, 11 Septemba 1956

Shemeji,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Simu nilikupelekea jana, sasa nakuandikia mengine.

Salme alifariki jana Jumatatu saa kumi alasiri. Mimi na Mwanamkasi tulikuwepo, na Praxeda. Hakuhangaika. Alikuwa amechoka tangu asubuhi, anasinzia na kuamka. Mwanamkasi alikuwa akimfuta uso kwa kitambaa, akahisi pumzi haimgusi mkononi.

Nilikimbia posta kabla hawajafunga. Watu wa Usagara walitaka tumzike asubuhi ya leo mapema. Nikawaomba wangoje ndege. Nikawaambia baba yake amepata simu tangu jana, yumo njiani, ni dakika ishirini na nane tu. Imamu wa msikiti akakubali. Nikaja uwanjani na nguo zangu za mazishi, nikasimama penye mizani. Ndege ikatua saa nne. Wakateremka Wahindi watatu, Mzungu wa posta, na bibi mmoja na kuku wake kikapuni. Nikamwuliza rubani kama kuna mtu bado ndani. Akanitazama, akaniambia niingie nijionee. Niliingia, Mbarouk. Viti viwili vilikuwa vitupu.

Tumemzika baada ya adhuhuri.

Sikulaumu. Nataka tu kujua kama simu ilikufika.

Massoud


Chonga, Pemba
Jumamosi, 15 Septemba 1956

Shemeji,

Simu ilinifika Jumatatu magharibi. Shekhe alinipa mkononi, akafunga duka, akakaa nami mpaka isha.

Jumanne asubuhi nilikwenda uwanjani. Nilikuwa na nafasi, jina langu liliitwa. Nilitembea mpaka nusu ya njia kati ya kibanda na ndege. Nikafikiri, nikirudi Jumamosi nitaingiaje kwa Mwatum? Uso huu nitauweka wapi? Akiniuliza neno moja tu nitaanguka mbele yake, na yeye yuko kitandani na tofali chini ya miguu. Wakaniita tena. Nikageuka. Ndege ilipita juu ya kichwa changu nami niko barabarani narudi.

Basi sikumwona mwanangu akiwa mgonjwa, wala sikumtia mchanga. Hayo ni yangu. Usiniulize tena.

Ila hilo la barua nakuomba kwa jina la Mungu. Amekwisha anza kuuliza mbona umenyamaza. Mfuko huu wa posta unakuletea na barua yake. Mjibu.

Mbarouk


Chonga, Pemba
Jumamosi, 15 Septemba 1956

Kaka yangu Massoud,

Asalaam aleikum. Wiki nne sijapata barua yako. Mbarouk anasema kazi zimekuzidi, ndege za msimu zimeongezeka. Mimi nakuandikia nimelala, ndiyo maana mwandiko umepinda. Nilipatwa na udhaifu kidogo, sasa sijambo, mtoto anacheza tumboni kama anatwanga.

Niambie Salme yukoje. Bado anavimba asubuhi? Rafiki yake yule mwuguzi bado yupo zamu?

Nimepata wazo. Mwambie Salme amchagulie mdogo wake jina. Moja la kiume, moja la kike, tutatumia litakalofaa. Siku zote alikuwa akisema akipata mdogo atamwita yeye mwenyewe, asiitwe na wazee. Basi na achague. Itamchangamsha huko kitandani.

Mpe busu la paji la uso. Mwambie mama hajamsahau, mama amefungwa tu.

Mwatum


Usagara, Tanga
Jumanne, 18 Septemba 1956

Mdogo wangu Mwatum,

Waaleikum salaam. Unisamehe kwa ukimya, ni kazi.

Salme anaendelea. Uvimbe umepungua, sasa anakula wali kidogo na mchuzi. Praxeda bado yupo, wanafundishana nyimbo. Daktari amesema maradhi haya yanataka subira, ataendelea kumweka kwa muda, kwa hiyo msiwe na haraka naye.

Nilimpa maneno yako. Alifikiri sana. Amesema akiwa mwanamume aitwe Msafiri. La kike amesema bado analitafuta.

Busu nimempa.

Pumzika, usinyanyuke, msikilize Bi Saleha.

Massoud


Chonga, Pemba
Jumanne, 16 Oktoba 1956

Kaka yangu mpenzi Massoud,

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nimejifungua Jumatatu iliyopita, tarehe nane, mtoto wa kiume. Alilia, kaka! Alilia kabla hajatoka mabega. Bi Saleha alikaa chini sakafuni akalia naye. Mbarouk tulimtafuta tukamkuta nyuma ya nyumba, amejifunika uso kwa shuka, anatikisika. Nilisema sijapata kumwona mwanamume akifurahi namna ile.

Siku ya saba tumemwita Msafiri. Wazee wa Mbarouk walinuna kidogo, walitaka la babu yao. Nikawaambia jina hili limeletwa na dada yake kutoka ng'ambo ya maji, halibadilishwi.

Sasa sikiliza. Arobaini yangu inakwisha Jumamosi, tarehe 17 Novemba. Jumanne yake, tarehe 20, napanda ndege nakuja na Msafiri. Mbarouk anasema ningoje karafuu ziishe tuje pamoja, nami nimemwambia nimengoja vya kutosha. Kama daktari ataniruhusu nitarudi na Salme, kama hataniruhusu nitakaa naye huko huko. Usimwambie siku yenyewe. Nataka aone mlango unafunguka na mimi naingia na mdogo wake mgongoni.

Mwatum


Usagara, Tanga
Jumamosi, 17 Novemba 1956

Mdogo wangu Mwatum,

Barua hii nimeiandika jina lako juu, si la Mbarouk, lakini nimemwandikia yeye pia nikamwomba akae karibu nawe unapoisoma, na Bi Saleha awepo, na mtoto ashikwe na mtu mwingine. Kama uko peke yako, ifunge kwanza, waite.

Mwatum, Salme amefariki. Alifariki Jumatatu, tarehe 10 Septemba, saa kumi alasiri. Tulimzika siku ya pili yake.

Nilikukubalia kwamba sitakuficha, nikakuficha. Wakati ule ulikuwa umetokwa na damu, na wote waliokuona walisema habari hii ingekuua pamoja na mtoto. Nilikubaliana nao. Ulipojifungua nilitaka kukuambia, Mbarouk akaniambia ningoje arobaini, maziwa yasikatike. Nikakubaliana tena. Kila mara palikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, na leo nimezijumlisha naona nimefanya jambo ambalo sijui mtu hulitubia vipi.

Barua ya Septemba ilikuwa ya uongo yote. Alikuwa amezikwa wiki nzima. Utakuwa uliona haina hata jina la Mwanamkasi. Alikataa. Aliniambia, "Uongo huo uandike kwa jina lako, la kwangu usilitie."

Na jina. Hili ndilo linalonikosesha kula. Salme hakuchagua. Barua yako ilinikuta mizanini, nikaandika jina la abiria wa kwanza niliyempima asubuhi ile, mtu wa Pangani aliyekuwa akienda Mombasa. Nilidhani utalisahau, au atazaliwa msichana. Sikudhani utalipigania mbele za wakwe.

Kama bado utataka kuja Jumanne, njoo, nami nitakuwepo. Kama hutaki kuniona, Mwanamkasi atakupokea.

Massoud


Usagara, Tanga
Jumanne, 27 Novemba 1956

Mbarouk,

Nimefika salama, mtoto ni mzima. Hayo nayasema kwanza kwa sababu ni haki yako kuyajua.

Jumanne iliyopita ulimbeba Msafiri mpaka ngazini. Nikakaa kitini, ukanipa mtoto, kisha ukatoa bahasha kifukoni. "Ya kaka yako hii. Soma njiani, ikuondolee hofu." Nikakuambia ahsante. Nilikuona dirishani umesimama, nikakupungia mkono. Nilidhani unaogopea ndege.

Ilikuwa nawe tangu Jumamosi. Siku tatu ulikula nami, ukalala nami, barua iko kifukoni mwako.

Nilingoja mpaka minazi imekwisha chini, yamebaki maji. Msafiri alianza kulia, masikio yalimwuma, nikampa ziwa. Nikafungua bahasha kwa meno. Kaka anasema kama uko peke yako ifunge kwanza, waite. Nimwite nani? Kulikuwa na Wazungu wawili wanasoma magazeti, na Mhindi na mkewe. Nikasoma. Nilipofika pale penye jina lake na lile neno, nikarudi juu nikaanza upya, nikidhani nimeruka mstari. Nikaisoma mara ya pili. Mtoto ananyonya. Yule mke wa Mhindi aliniinamia akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia hapana. Sikulia, Mbarouk. Mle hamna pa kulilia. Magoti ya watu yanagusana, mlango umefungwa, chini bahari, juu mbingu. Huwezi kumwambia rubani simama niteremke. Zile dakika ishirini na nane kaka alizonisifia, nilizimaliza nimekaa nimenyooka kama mgeni, barua chini ya paja.

Kaka alikuwa chini ya ngazi. Yeye alidhani nimejua tangu Jumamosi, nimelia nyumbani, na kwamba umekuja nami. Alitazama nyuma yangu akikutafuta. "Umekuja peke yako?" Nikamwuliza, "Nani alimwosha?" Alikuwa ameshika daftari lake, likamwanguka.

Mwanamkasi ndiye aliyejibu. "Mimi, wifi. Mimi na shangazi yangu."

Akanichukua nyuma ya kibanda wanapoweka mizigo, tukakaa juu ya magunia, akaniambia yote bila kunipunguzia. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nywele alimchana akamsuka mafundo matatu. Jumatatu ile asubuhi Salme aliuliza, "Ndege ya kwetu ni lini?" Wakamwambia kesho. Akasema, "Basi mama atakuja kesho." Hapo ndipo nililia, na waliokuwa wakipakia mizigo walitoka wakatuachia mahali.

Watu wa Usagara wamenifanyia msiba upya. Mwanamkasi alitandika mikeka, akatuma habari nyumba kwa nyumba. Wanawake walewale waliokuja Septemba walikuja tena, wakakaa siku tatu, wakalia kana kwamba amekufa asubuhi ile. Mmoja tu aliuliza mbona tunaanika msiba uliokwisha kauka, wenzake wakamnyamazisha. Kaburini nimekwenda. Wamepanda mrehani kichwani, umeshika.

Kaka anakula barazani, haingii chumba nilichomo mpaka nimwite. Sijamlaani. Alidanganya, kisha akashika kalamu akasema nimedanganya. Jina la mtoto siku ya kwanza nilitaka kumvua. La mtu wa Pangani nisiyemjua, naye hanijui! Lakini zaidi ya mwezi nimemwita hivyo nikimnyonyesha. Nikimwita vingine namwona mtoto wa mtu. Atabaki nalo.

Sasa wewe. Mwanamkasi amenipa barua zako zote, hakuzichoma. Nimeisoma ile ya Septemba, ya uwanjani. Nimekaa nikaikumbuka Jumanne ile. Nilikuwa nimelazwa, Bi Saleha alipika wali na kibua. Ulikuja mchana macho mekundu, ukasema ni moshi wa makumbi. Nikakwambia sogea, nikakupuliza macho. Nikakwambia pole. Nikakuuliza, "Kuna habari ya Salme?" Ukasema, "Anaendelea." Ukala. Nilikutazama ukila mpaka ukamaliza sahani, nikafurahi kwamba umekula.

Labda Bi Saleha alisema kweli. Labda ningejua ningempoteza huyu na kumfuata yule. Mimi sijui, na wewe hujui, na hatutajua. Ninalojua ni kwamba siku sabini na moja nimemwombea afya mtu aliye kaburini, kila sala, na wewe umekaa nyuma yangu unaitikia amina.

Hilo la Septemba huenda nikalielewa nikizeeka. Ulikuwa umeshikwa huku na huku. Lakini la Jumanne iliyopita nani alikushika? Nilikuwa mzima. Nimesimama kwa miguu yangu. Ulikuwa na siku tatu, na chumba, na mlango wa kufunga. Ukaona bora nikaisikie juu ya maji, kwa watu nisiowajua, ili wewe usinione uso.

Narudi Jumamosi. Usije uwanjani, nitapata gari. Uwe nyumbani, na watu wote watoke, hata Bi Saleha. Ukae kitako. Nitakuuliza moja baada ya moja, na utanijibu kwa mdomo wako ukiwa unanitazama. Tukimaliza hapo ndipo nitajua kama nimerudi, au nimekuja kuchukua vyangu.

Mwatum